Boda Boda Kabla ya Pikipiki

Ukishuka leo Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, pikipiki ndizo zinazokupokea. Baiskeli imeachiwa mkaa na makreti ya soda. Vijana wanaogombania abiria pale hawana habari kwamba jina la kazi yao lilianza kwa pedeli.

Neno lenyewe, boda, limetoka mbali. Wafaransa wa kale waliita ukingo wa kitu *bordure*, na mzizi wake waliupata kwa Wafranki, watu wa ukoo mmoja na Wajerumani. Kilatini, ambacho hupewa sifa ya kila neno la Kifaransa, hapa hakina mkono. Waingereza wakalipokea katika karne ya 14, likawa *border*, baadaye wakauita hivyo mpaka wao na Uskoti. Kisha wakaja kwetu na rula. Mwaka 1902 walitwaa mkoa mzima wa Uganda wakautia upande wa Kenya, na mpaka tulio nao leo unawagawa Wasamia na Wateso, ndugu huku na ndugu kule.

Pale Busia, gari lilimshusha msafiri upande mmoja wa mpaka. Kufika ng'ambo akabaki na miguu yake na mzigo kichwani. Miaka ya 1960 wenye baiskeli wakaona riziki hapo. "Boda! Boda!" wakaita.

Ule ulikuwa ufundi. Baiskeli ya Black Mamba iliongezewa vyuma kwenye keria, ikawekwa mto wa sponji, na vyuma vya abiria kukanyagia. Mama alikaa upande, kitenge amekikusanya kisinaswe na spoki, mtoto mgongoni, mahindi mapajani. Mwendeshaji hakugeuka kutazama. Alijua kwa kiuno chake uzito umeelemea wapi, na kabla ya shimo alisema tu, "Shikilia, mama." Mlimani alisimama juu ya pedeli, mama asitikisike. Sisemi ilikuwa raha. Mapaja ya watu wale yaliwaka moto.

Mwaka 2008 Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya VAT, zikafurika. Sasa kijana hukabidhiwa ufunguo asubuhi, na jioni amepakia watatu bila kofia, simu sikioni. Huyo naye tunamwita boda.

Jina limefika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, lakini waliolizaa hawana hata ukumbusho. Wakuu wa Kaunti ya Busia, tafuteni Black Mamba moja yenye keria na mto wake, muiweke mahali pa watu wote kuiona, kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajazimaliza.