Maji Ndani ya Mrututu

Mrututu, ile chumvi ya shaba, huonekana mkavu kabisa, kumbe asilimia 36 ya uzito wake ni maji. Ndani ya fuwele hizo za buluu, kila atomu ya shaba ina fungu lake la molekuli tano za maji. Ufundi ninaousifu hapa ni wa wanakemia wanaotaka kujua kila molekuli imekaa wapi na itaondoka lini.

Punje chache huwekwa kwenye mizani iliyounganishwa na tanuri, joto likapandishwa taratibu huku uzito ukiandikwa. Maji ya mrututu hayatoki kwa mkupuo. Hutoka molekuli mbili, kisha mbili nyingine. Ya mwisho hung'ang'ania mpaka joto lifike nyuzi 200 na zaidi. Buluu hufifia hadi fuwele kuwa nyeupe. Ukiharakisha moto, ngazi hizo huingiliana na usomaji huharibika. Subira hiyo naiheshimu kuliko mashine yenyewe.

Lakini mizani hutaja kiasi tu. Mahali pa maji hutafutwa kwa eksirei, na mrututu ndio uliofungua njia hiyo: mwaka 1912, mjini Munich, Walter Friedrich na Paul Knipping, wakifuata wazo la Max von Laue, walipitisha eksirei katika fuwele yake wakapata madoa kwenye bamba la picha. Mwaka 1934 Waingereza Arnold Beevers na Henry Lipson walionyesha mpangilio wake, kwa hesabu za mkono zenye kuchosha mno: molekuli nne zimeizunguka shaba, ya tano haiigusi, imeshikiliwa na jirani zake.

Kuna chumvi zinazodai umahiri zaidi ya mrututu: zile za periodeti, zenye ayodini na oksijeni. NaIO₄·3H₂O ina molekuli tatu za maji. NaH₄IO₆·H₂O ina moja; hidrojeni nyingine zimeshikamana na oksijeni sita zinazoizunguka ayodini. Hesabu atomu: ni zilezile, uzito uleule! Eksirei ndiyo iliyoamua kwamba chumvi hii ya sodiamu ni ile ya kwanza, ayodini ikiwa na oksijeni nne. Na hata eksirei huiona hidrojeni kwa shida, maana ina elektroni moja tu.

Tena maji yakiisha, safari haijaisha. Karibu na nyuzi 300 periodeti hiyo huachia sehemu ya oksijeni yake na kubaki ayodeti, na uzito hushuka tena. Mstari wa uzito ni mmoja kwenye karatasi. Msomaji wake ndiye anayepaswa kutambua mteremko upi ni wa maji na upi ni wa chumvi yenyewe kuvunjika.