Kasi ya Moyo na Wingi wa Damu: Istilahi za Mpanda Mlima

Miongoni mwa habari za sayansi zinazomtatiza mfasiri ni ile ya moyo wa mtu afanyaye kazi ya nguvu mahali palipoinuka sana. Tatizo halitokani na uhaba wa maneno. Latokana na neno moja kubebeshwa maana mbili au tatu. Tuchukue sentensi hii: "Mlimani moyo hufanya kazi zaidi." Je, zaidi kwa kupiga upesi, au kwa kusukuma damu nyingi? Sentensi haijibu, wala majibu hayo si mamoja.

Tuanze na hesabu. Moyo wa mtu aliyepumzika ukipiga mara 70 kwa dakika, na kila pigo likitoa mililita 70, damu isukumwayo kwa dakika ni karibu lita 5. Hapo pana vipimo vitatu, navyo vyataka istilahi tatu. Twapendekeza kasi ya mapigo, ujazo wa pigo, na damu kwa dakika. Kwa kipimo cha tatu, "pato la moyo" ni jina limjialo mfasiri haraka. Lakini pato kwetu ni kile mtu akipatacho, na hapa moyo unatoa, haupati.

Kwa istilahi hizo habari yaelezeka bila utata. Mtu akipanda mlima na kutembea kwa mwendo ule ule wa bondeni, siku za kwanza kasi ya mapigo huongezeka, na damu kwa dakika huongezeka pia. Baada ya siku kadhaa majimaji ya damu hupungua, na ujazo wa pigo hupungua. Damu kwa dakika hurudi karibu na kiwango cha bondeni, ingawa kasi bado iko juu. Akijitahidi hadi ukomo wa nguvu zake, kasi ya juu kabisa huwa chini ya ile aliyoweza kuifikia pwani. Anayeandika "mapigo huongezeka" na kuishia hapo amesema nusu ya habari.

Wengine hukimbilia kusema kwamba moyo "hudhoofika". Neno hilo halifai. Mwaka 1985, huko Marekani, watu walikaa siku 40 hivi katika chumba maalumu ambamo shinikizo la hewa lilipunguzwa hatua kwa hatua hadi kulingana na lile la kilele cha Everest. Misuli ya mioyo yao iliendelea kujikaza vyema. Kupungua kwa kasi na ujazo hakuna budi kuelezwa kwa majina yake, si kwa jina la ugonjwa.

Neno la hatari zaidi ni "presha". Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile, asilimia 21. Kwa hiyo kusema hewa ya huko "haina oksijeni" ni kosa. Lakini kosa kubwa ni kuandika "presha hushuka mlimani". Katika mazungumzo yetu, mwenye presha ni mgonjwa wa shinikizo la damu. Akisoma maneno hayo aweza kuacha dawa zake, ilhali shinikizo la damu aghalabu hupanda huko juu, na lile la mshipa upelekao damu mapafuni hupanda pia.

Kwa maoni yetu, shinikizo lisiandikwe kamwe bila kutajwa ni la nini: la hewa, la damu, au la mshipa wa mapafu. Walimu na waandishi wa maelezo kwa wapagazi na waongozaji wa wageni wazingatie jambo hili, kwani msomaji wao huyabeba maneno hayo hadi mlimani, mahali ambapo hana wa kumwuliza mfasiri alikusudia nini.