Kujaza Mashavu Yaliyobonyea: Namna Kijazio Kilivyochaguliwa kwa Watu Wanaoishi na VVU

Miongoni mwa dawa za awali za kufubaza virusi vya UKIMWI ilikuwamo stavudini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1994, ambayo baadaye iliunganishwa na lamivudini na nevirapini katika kidonge kimoja cha bei nafuu na kuwafikia watu wengi Uganda, Kenya na Tanzania. Dawa hiyo iliokoa maisha, lakini pia ilizuia kimeng'enya kinachonakili vinasaba vya mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, na seli za mafuta zilizo chini ya ngozi zikawa zinakufa kidogo kidogo. Usoni athari hiyo, iitwayo lipoatrofia, haikufichika: mafuta ya mashavuni na ya panjani yalikwisha, mifupa ikachomoza, na mtu mwenye nguvu za kufanya kazi akaonekana kama mgonjwa mahututi, hata siri ya afya yake ikajulikana kabla hajaamua kumwambia yeyote.

Kijazio ni dutu inayodungwa chini ya ngozi ili kurudisha unene uliopotea, na yapo mambo mawili yanayostahili kutazamwa kabla ya bei na umaarufu wake: kama dutu yenyewe ndiyo inayojaza au inauchochea mwili ujijaze, na kama daktari anaweza kuiondoa akiisha kuidunga.

Kwa kigezo cha pili, asidi ya hayaluroniki ndiyo inayotangulia. Hii ni sukari ya mnyororo mrefu iliyomo kiasili katika ngozi, ambayo kiwandani minyororo yake hufungamanishwa ili iwe jeli isiyoyeyuka upesi. Hujaza papo hapo, na mambo yakienda kombo kimeng'enya kiitwacho hayaluronidasi huivunja. Jeli ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, Desemba 2003, ikaisukuma kando kolajeni ya ng'ombe, iliyotumika tangu 1981 na ambayo ilihitaji kipimo cha mzio kwanza, kisha ikadumu miezi michache tu. Hata hivyo, bomba moja la jeli huwa na takriban mililita moja, kiasi kinachotosha midomo, ilhali mashavu yaliyopoteza karibu mafuta yake yote huhitaji mabomba kadhaa, na kazi hiyo hurudiwa jeli inapokwisha.

Kwa sababu hiyo uamuzi uliegemea asidi ya poli-laktiki, polima ya jamii ile inayotengenezewa nyuzi za upasuaji zinazoyeyuka mwilini. Maji yanayobeba chembe zake hufyonzwa kwa siku chache na shavu hubonyea tena, kisha kwa wiki kadhaa mwili huzizunguka chembe hizo na kutandaza kolajeni mpya. Utafiti wa VEGA wa Paris, uliochapishwa 2003, uliwafuatilia wagonjwa 50 kwa wiki 96, na vipimo vya mawimbi ya sauti vikaonyesha kwamba mashavu yalinenepa na kubaki hivyo; lakini wagonjwa 22 walipata vinundu vilivyohisiwa kwa kidole bila kuonekana kwa macho. FDA iliidhinisha kijazio hicho Agosti 2004, mahususi kwa lipoatrofia ya watu wenye VVU. Vinundu hivyo vinastahili kuchambuliwa, kwa kuwa vilitokana kwa kiasi kikubwa na mbinu: unga uliochanganywa na maji kidogo na kudungwa mapema au juujuu uliganda mahali pamoja. Madaktari waliofuata waliongeza maji, wakauacha unga ulowe kwa saa kadhaa, wakadunga chini zaidi, wakatenganisha vipindi kwa wiki nne au zaidi na kumwagiza mgonjwa akande uso dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5, na vinundu vikapungua sana.

Kalsiamu haidroksilapatiti, madini yanayofanana na ya mfupa, iliidhinishwa kwa tatizo hilohilo Desemba 2006. Hujaza mara moja na pia huchochea kolajeni, ila huonekana katika picha za eksirei, jambo ambalo mtaalamu wa picha hana budi kuarifiwa.

Brazili ilichukua njia nyingine: huduma yake ya afya ya umma iliruhusu polimethili methakrilati, chembe za plastiki zisizoyeyuka kamwe. Hoja ya gharama inaeleweka, kwani mgonjwa maskini hawezi kurudi kila mwaka, lakini uso huendelea kuzeeka huku plastiki ikibaki pale pale, na uvimbe wa kinga ya mwili unaweza kuzuka miaka mingi baadaye, ambapo kisu ndicho hubaki kuwa tiba. Hapo thamani ya jeli inayovunjika hudhihirika, hasa kwa kuwa kijazio chochote kikiingia katika ateri kinaweza kuua ngozi au kupofusha jicho, na ni jeli ya hayaluroniki pekee yenye kiyeyushi chake.

Kwa hiyo anayebonyea kiasi ana sababu ya kuanza na jeli, na aliyepoteza mengi ana sababu ya kuchagua poli-laktiki mkononi mwa daktari aliyezoea kuichanganya. Mwaka 2010 bima ya umma ya Marekani, Medicare, ilikubali kulipia vijazio hivi kwa wenye VVU ambao sura zao zimewaletea sonona. Mifuko ya bima ya Afrika Mashariki nayo inapaswa kulitafakari jambo hilo, kwani ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 wa kuachana na stavudini ulizuia madhara mapya, lakini mafuta yaliyokwisha kupotea hurejea polepole, na mara nyingi si yote.