Vader, Yoda na Liyongo: Nani Zaidi?

Hapa Sanya Juu vijana waliokulia kwenye mabanda ya video hawachoki kushindanisha mashujaa wa filamu, kama wanavyoshindanisha Simba na Yanga. Ubishi unaonivutia zaidi ni ule wa Star Wars, zile hadithi za vita vya angani zilizoanza kuonyeshwa mwaka 1977: kati ya Darth Vader, Yoda na Luke Skywalker, nani angemshinda mwenzake? Wengi humpa Vader, kwa kuwa humkaba mtu koo bila kumgusa. Wengine humpa Yoda, kwa ajili ya sarakasi zake za upanga katika filamu ya mwaka 2002.

Hapo kwenye sarakasi ndipo ninapoachana nao. Katika filamu ya mwaka 1980 Yoda, kizee kifupi mwenye mkongojo, aliinua chombo cha angani kutoka kinamasini kwa kufumba macho tu. Tukaamini hana haja ya upanga. Miaka 22 baadaye wakampa upanga, akarukaruka kama mwana-mbuzi, nami nathubutu kusema kwamba siku hiyo walimpunguza. Mpiganaji wa kubuni hana misuli. Ana masharti aliyowekewa na mtunzi. Ukitaka kumpima, usihesabu aliowaangusha, uliza ni kitu gani kinaweza kumwangusha yeye.

Kwa kipimo hicho, naomba tumwingize ulingoni mpiganaji wa kwetu, Fumo Liyongo wa ule utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Huyu chuma hakimwingii. Maadui walipopanga kumpiga mishale akiwa juu ya mkoma, yeye alibaki chini akayaangusha makoma kwa mishale yake. (Akili hiyo Vader hana.) Kifungoni alijikomboa kwa tupa ambayo mama yake aliificha ndani ya mkate wa wishwa. Kimwuacho ni kimoja tu, sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo alimwambia mwanawe wa kumzaa, ingawa alikwisha kuhisi kwamba kijana katumwa.

Vader naye alishindwa na mtoto wake. Katika filamu ya mwaka 1983 Luke alimkata mkono, kisha akautupa upanga, akakataa kumwua baba. Mfalme Mkuu alipoanza kumwunguza Luke kwa radi, Vader alimnyanyua bwana wake huyo akamtosa shimoni, na kazi hiyo ikammaliza. Luke alitupa silaha; mwana wa Liyongo aliishika.

Je, wangekutana? Upanga wa mwanga si chuma wala si shaba, kwa hiyo vijana watabishana hadi usiku. Mimi nampa Liyongo. Vader alipovuliwa lile kofia la kumsaidia kupumua hakukawia kukata roho. Liyongo alichomwa usingizini, akaamka, akachukua upinde wake, akaenda kupiga goti karibu na kisima, akafia pale akiwa amelenga. Na watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila kuteka maji, wakimwogopa.