Gereza, Kanisa na Reli: Kuisoma Tawasifu ya Martin Kayamba kutoka Niemba

Neno "gereza" limetokana na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, ilikuwa na kanisa ndani yake, na jina la sehemu likawa jina la jengo zima. Baadaye utawala wa Kiingereza uliigeuza ngome hiyo kuwa jela mpaka mwaka 1958, na leo msemaji wa Kiswahili hasikii tena kanisa ndani ya gereza. Kitenzi -funga nacho kina mizigo miwili. Mtu anayejinyima chakula kwa ajili ya Mungu amefunga. Mtu aliyetiwa ndani amefungwa. Kinachotenganisha ibada na adhabu hapo ni kauli ya kutendwa tu. Wahubiri wanalijua jambo hilo vizuri kuliko wanaisimu, na hulitumia.

Ukaribu huo wa maneno unamhusu moja kwa moja msomaji wa tawasifu zinazosimulia imani, kifungo cha wakati wa vita na jitihada za kuleta mageuzi baada ya kufunguliwa. Tawasifu za namna hiyo husomwa kwa heshima, na heshima hiyo mara nyingi huzuia uhakiki. Mateso ya msimulizi huchukuliwa kuwa dhamana ya ukweli wake, naye mwanafunzi huona haya kumwuliza mtu aliyeteseka kwa nini ameandika hivi na si vile. Makala haya yanadai kwamba swali hilo ni la lazima, tena lina sehemu mbili: nani alishika ufunguo wa jela, na nani alishika mtambo wa kuchapia?

Mfano unaofaa ni tawasifu ya Martin Kayamba, iliyochapwa mwaka 1936 katika mkusanyo wa Margery Perham uitwao Ten Africans. Kayamba, mtu wa asili ya Bondei, alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani katika chuo cha Mtakatifu Andrea cha misheni ya UMCA. Alifanya kazi ya ukarani sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Vita vya 1914 vilimkuta katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, akatiliwa shaka kwa ajili ya uhusiano wake na Waingereza, akafungwa kama walivyofungwa walimu wengi wa misheni hiyo, mpaka Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 1916. Baada ya hapo aliingia katika utumishi wa Waingereza huko Tanga. Mwaka 1922 aliongoza kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, chama kilichowakutanisha makarani Waislamu na Wakristo. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki.

Maisha hayo yana hatua tatu: shule, jela, ofisi. Msomaji wa haraka ataona mpangilio huo kuwa ni wa asili, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyotukia. Lakini Kiungani palikuwa na mapokeo ya kusimulia maisha kabla Kayamba hajazaliwa. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu cha masimulizi ya wavulana wa shule hiyo, wengi wao wakiwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Wavulana waliandika kwa Kiswahili. Kilichochapwa ni tafsiri ya Kiingereza. Mkondo wa masimulizi yale unajulikana: kijiji, kutekwa, safari ya mateso, jahazi kukamatwa baharini, misheni. Neno linalobeba safari hiyo nzima ni "ukombozi", ambalo Kiswahili hulitumia kwa kulipa fidia ya mateka na vilevile kwa kazi ya Kristo. James Mbotela aliufuata mkondo huohuo mwaka 1934 katika Uhuru wa Watumwa. Kwa hiyo Kayamba alipofika kwenye sura ya kifungo chake hakukuta ukurasa mtupu. Alikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na wanafunzi wenzake wa nusu karne nyuma, ambayo ndani yake kila kutekwa kunamngoja mkombozi kutoka nje.

Hili halimfanyi kuwa mwongo. Linaeleza tu kwa nini jela ya Tabora inakaa vizuri hivyo katikati ya maisha yake, kama daraja kati ya shule ya Waingereza na ofisi ya Waingereza. Kifungo kile kilikuwa, kwa lugha ya makarani, cheti. Mwaka 1936, msomaji wa Kiingereza aliyetaka kujua kama Mwafrika msomi anaweza kuaminiwa alipata jibu: huyu alifungwa na adui zetu kwa sababu yetu.

Hapa ndipo ulinganisho na E. F. Spanton unapokuwa na faida. Spanton, mkuu wa chuo cha Kiungani, alifungwa na Wajerumani kama wanafunzi wake wa zamani, akafunguliwa Tabora wakati huohuo, na kitabu chake juu ya jela za Wajerumani kilitoka London mwaka 1917, vita havijaisha. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilichapa ripoti rasmi juu ya jinsi wafungwa wa Kiingereza na wenyeji walivyotendewa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Katika malalamiko ya Wazungu wa wakati ule lipo moja linalojirudia: kwamba walilazimishwa kufanya kazi za mikono mbele ya macho ya Waafrika, chini ya ulinzi wa askari Waafrika. Hiyo ndiyo fedheha yao kubwa. Msomaji wa leo hana budi kusimama hapo. Kazi iliyokuwa fedheha kwa mfungwa mmoja ilikuwa, kwa mfungwa wa pili, kazi ambayo kila utawala ulimpa wakati wa amani pia. Jela ilikuwa ya adui mmoja, lakini vifungo vilikuwa viwili. Kumsoma Kayamba kama nyongeza ya Spanton ni kuupoteza uzito wa tofauti hiyo.

Jambo la lugha ni zito zaidi. Kayamba aliweza kuandika Kiswahili, tena kizuri. Safari yake ya London aliisimulia kwa Kiswahili katika Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Maisha yake mwenyewe, pamoja na kifungo, aliyaandika kwa Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili alipewa mitaa ya London. Msomaji wa Kiingereza alipewa jela ya Tabora. Mgawanyo huo unaweza kuelezwa kwa sababu ndogo tu, kwamba Perham ndiye aliyeomba na Kiingereza ndicho alichohitaji. Lakini matokeo yake ni makubwa kuliko sababu. Waswahili wa Tanganyika wa miaka ya 1930 walikuwa na kumbukumbu zao za vita: palikuwa na waliofungwa, na waliokuwa askari wa Wajerumani wakiwafunga wengine, na waliobeba mizigo ya kila jeshi. Hao wangeweza kusoma na kubisha. Msomaji wa London hakuwa na la kubisha. Tawasifu iliyoandikwa mbali na mashahidi wake hupata utulivu wa sauti ambao mhakiki asiuchukulie haraka kuwa ni unyenyekevu wa Kikristo.

Na mashahidi wa upande wa magharibi mwa ziwa je? Niemba ni kituo cha reli kati ya Kabalo na Kalemie, mji ambao wakati wa ukoloni uliitwa Albertville. Reli hiyo ilifikishwa ziwani mwaka 1915, na haraka yake ilikuwa haraka ya vita. Oktoba mwaka huo iliwabeba Mimi na Toutou, boti mbili za Kiingereza zilizokuwa zimevutwa kutoka Afrika Kusini kupitia Katanga. Kufikia Februari 1916 boti hizo zilikuwa zimeiteka Kingani na kuizamisha Hedwig von Wissmann, na nguvu ya Wajerumani ziwani ikavunjika. Majeshi ya Wabelgiji yakaingia Kigoma mwezi Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Mlango wa jela ya Kayamba ulifunguliwa kwa sehemu na mizigo iliyopita Niemba.

Mizigo haikupita yenyewe. Idadi inayotajwa kwa kawaida ya wapagazi waliotumiwa na upande wa Wabelgiji katika vita vile ni 260,000. Jenerali Tombeur, aliyeongoza majeshi, alipewa baadaye heshima ya kuitwa Tombeur wa Tabora. Mpagazi hakupewa jina la mji wowote. Mbele ya tawasifu ya mfungwa aliyefunguliwa, hakuna tawasifu ya aliyebeba risasi zilizomfungua, ijapokuwa kuchukuliwa kwa nguvu kijijini na kupelekwa mbali chini ya bunduki kunastahili, katika kamusi yoyote ya Kiswahili, kuitwa kutekwa. Mkondo wa Kiungani ungeweza kuyapokea maisha hayo kwa urahisi isipokuwa kwa kasoro moja: mtekaji hapa ndiye mkombozi wa sura inayofuata.

Kanuni inayojitokeza inathibitishwa vibaya na historia ya Kongo yenyewe. Simon Kimbangu alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi huko Thysville Oktoba 1921, miaka mitano tu baada ya Tabora. Adhabu iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na humo gerezani akafa Oktoba 1951. Alikaa miaka thelathini. Hakuacha tawasifu iliyochapwa. Kanisa lake lilitambuliwa na serikali Desemba 1959, ukoloni ukiwa umebakiza miezi sita. Wafuasi wa Kitawala, waliopigwa marufuku Katanga mwaka 1937, walihamishwa kwa amri ya utawala, wengi bila mahakama, na vita vya 1939–1945 vikaongeza ukali huo. Maneno yao yamehifadhiwa katika mafaili ya wale waliowahoji, kwa Kifaransa cha waliowahoji. Aliyefungwa na Wajerumani alichapwa upesi kwa kuwa Wajerumani walishindwa. Waliofungwa na Wabelgiji walingoja Wabelgiji waondoke, na wengi hawakuwahi kungoja kiasi hicho.

Pengo hilo halikuzibwa na wanahistoria peke yao. Mwaka 1965 André Yav aliandaa huko Lubumbashi, kwa Kiswahili cha mji huo, historia ya Elisabethville kama ilivyoonwa na watumishi wa nyumbani, maandishi ambayo Johannes Fabian aliyachapa na kuyachambua mwaka 1990. Mwanafunzi aliyelelewa na sarufi ya Kiswahili sanifu hupata taabu nayo mwanzoni: viambishi si vile alivyozoea, tahajia inayumba, sentensi haziishii pale mwalimu anapotaka. Lakini hakuna mkombozi wa kutoka nje anayengojwa humo. Yav aliwaandikia watu walioyajua mambo, ambao wangeweza kumsahihisha, na joto la kubishana nao linasikika. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora hukumu ya Kimbangu katika miaka ya 1970 na kuieleza kwa Kiswahili hichohicho, anasimama karibu na Yav kuliko anavyosimama karibu na Kayamba.

Niemba yenyewe ilirudi katika vitabu vya dunia tarehe 8 Novemba 1960, askari tisa wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipouawa karibu nayo na wapiganaji wa Kibaluba, wakati wa vita vya Katanga kujitenga. Walionusurika walikuwa wawili. Ireland imewakumbuka wote kumi na mmoja kwa majina. Upande wa pili unaitwa kwa jina la kabila tu. Mtafiti anayetaka masimulizi ya maisha ya mwaka ule katika vijiji vya reli hii anashindana na umri wa mashahidi, na tena na vita vya karibuni vya Watwa na Waluba, vilivyoanza kuwatawanya watu wa Nyunzu, Manono na Kalemie tangu 2013. Akifika, aandike kwa Kiswahili kile anachokisikia, na asikisafishe kabla ya kukichapa.

Limebaki suala la kutafsiri, ambalo wanafunzi wa idara watakutana nalo siku wakipewa kurasa za Kayamba wazirudishe katika Kiswahili. Kiingereza kina neno moja la mfungwa, nalo linatosha kwa kila hali. Kiswahili kinadai uamuzi. Mfungwa ni aliyehukumiwa. Mahabusu anangoja hukumu. Mateka amekamatwa vitani. Msemaji wa Katanga ataongeza kwamba mtu yuko buloko, neno linalotaja mahali na kunyamaza juu ya kosa. Kayamba hakuhukumiwa kwa haki yoyote inayojulikana, hakungoja hukumu, wala hakuwa askari. "Mateka" ndilo litakalomvutia mtafsiri wengi kwa kuwa lina sauti nzuri na linamrudisha Kayamba kwa wavulana wa Madan, na kwa sababu hiyohiyo lingefaa kukataliwa. "Alikuwa buloko" haliwezi kupita katika mtihani wa Kiswahili sanifu, lakini ndilo ambalo mpagazi wa Niemba angelielewa bila maelezo.