Kilosa Haipimwi kwa Wastani wa Bara

Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada, katika mradi wa SRTM ulioendeshwa na NASA pamoja na idara ya ramani ya jeshi la Marekani. Sharti la ubora lilikuwa kosa lisizidi mita 16 kwa asilimia 90 ya vipimo. Kwa Afrika, ukaguzi ulipata mita 5.6. Mradi ulifaulu vizuri sana. Tatizo ni kwamba sehemu muhimu ya ukaguzi huo ilifanywa kwa magari yenye GPS yaliyopita barabarani, na barabara ni mahali peupe ambapo rada inaiona ardhi yenyewe. Toka kwenye barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Mikumi, mkoani Morogoro, ingia kwenye miombo: mawimbi ya rada ile, yenye urefu wa karibu sentimita 6, hurudishwa na matawi kabla ya kufika chini, na mwezi wa Februari miti imejaa majani. Kilichopimwa hapo ni msitu, lakini ramani inakiita ardhi.

Kilosa mjini, katika mkoa huo huo, shida ni nyingine. Mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaondoa watu majumbani na kuharibu Reli ya Kati. Maji ya namna hiyo huamuliwa na mita moja au mbili, na pengine na tuta lenye upana wa mita chache tu. SRTM huandika miinuko kwa mita kamili, na kila kipande chake kina upana wa mita 30. Tuta linamezwa humo, na mto unaoigizwa kwenye kompyuta unapita pasipo na kizuizi. Hata mita 5.6 zinazosifiwa ni nyingi kuliko kina cha maji yanayoingia nyumbani.

Wapo watakaosema kutuma wapimaji wa ardhi kurekebisha kasoro hizi ni ghali na porini kuna tembo na simba. Ni kweli, ila hatuhitaji kupima kila mahali. Leza ya setelaiti ya ICESat-2, iliyorushwa 2018, hupenya mianya ya miti na data zake ni za bure. Wapimaji wapelekwe kwenye kingo za Mkondoa. Wizara ya Ardhi isipokee ramani yoyote ya miinuko ambayo kosa lake halikutajwa kwa kila aina ya eneo: msituni, mlimani na mtoni.