Gesi Iliyookoa Mwale

Roketi inayotema elektroni hubaki na chaji chanya, na chaji hiyo huzivuta elektroni zirudi. Mwaka 1969 kundi la Wilmot Hess liliporusha roketi ya Aerobee 350 kutoka Wallops, Virginia, ili kutengeneza mng'aro wa bandia angani, hesabu ilitisha. Tufe la chuma lenye nusukipenyo cha mita 1, likipoteza nusu ampea bila fidia, hufika volti 10,000 ndani ya mikrosekunde 2 hivi. Mwale wa elektroni wenye nishati ya kiasi hicho hapo haubanduki.

Fidia hutoka kwenye ionosfea, nayo ni bahili. Hata penye elektroni bilioni 100 kwa kila mita ya ujazo, eneo la mita 5 za mraba hupokea miliampea 4 tu. Ugasumaku wa dunia unabana zaidi, maana elektroni hufuata mistari yake na si rahisi zije kutoka ubavuni. Watafiti Parker na Murphy walishakokotoa kikomo hicho mwaka 1967. Ndiyo maana Hess alibeba utando wa plastiki uliopakwa alumini, wa kukunjuliwa hadi kipenyo cha mita 26. Ni mita za mraba 530: kwa hesabu ile ile, ampea 0.4. Mwale ulitoka, na kamera za ardhini zikanasa mwanga wake.

Wafaransa na Wasovieti, katika jaribio la ARAKS huko Kerguelen mwaka 1975, walitafuta fidia hiyo kwa njia nyingine: walibeba plazma yao wenyewe, ya sesiamu.

Lililonivutia zaidi ni CHARGE-2, la Wajapani na Wamarekani, Desemba 1985 huko White Sands. Roketi ilijigawa sehemu mbili, mama na binti, waya ukiwaunganisha hadi mita 426, hivyo chaji ya mama ilipimwa kwa kumlinganisha na binti aliye mbali na vurugu. Mwale ulipowaka, mama alipanda mamia ya volti. Vali za gesi ya naitrojeni, zilizowekwa kwa ajili ya kuelekeza chombo tu, zilipofunguka, chaji ikashuka. Elektroni zinazorudi kwa kasi zilikuwa zikigonga molekuli za gesi na kubandua elektroni nyingine. Hizo mpya zikavutwa na roketi, ioni zikasukumwa nje. Chaji yenyewe ndiyo iliyoendesha uponyaji wake.

Kwa hiyo, kusoma grafu ya volti za roketi kama hii bila kuweka kando yake saa ambazo vali zilifunguka ni kubahatisha.